Nani Anaruhusiwa Kugombea Urais? Masharti ya Katiba na Yale Tunayoyaongeza Wenyewe

Uchaguzi wa Oktoba 2025 umepita, lakini katika vijiwe vya kahawa vya Tabora mjini, kuanzia Ng'ambo hadi Kanyenye, mjadala wa nani anafaa kuwa Rais haujapoa. Kila anayeshiriki ana kigezo chake. Huyu anasema Rais ni lazima awe msomi mwenye shahada, yule anasema asiwe na asili ya nje ya mipaka, mwingine anasisitiza kwamba zamu ya dini fulani imefika, na hakosekani wa kusema kwamba mtu aliyewahi kulala mahabusu hawezi tena kuusogelea urais. Wote wanazungumza kana kwamba wanainukuu Katiba, ilhali mengi ya hayo Katiba haiyasemi kabisa, na yale mazito inayoyasema kweli hayatajwi mara nyingi. Ni vyema kuyafungua haya taratibu, kwa sababu mpiga kura asiyejua sheria inamzuia nani na inamruhusu nani hawezi kujua pale ambapo haki yake ya kuchagua imepunguzwa.

Kwanza tutenganishe mambo mawili yanayochanganywa kila siku. Lipo sharti la kugombea, yaani jambo ambalo mtu asipokuwa nalo jina lake haliwezi kuandikwa kwenye karatasi ya kura, hata angependwa na nchi nzima. Upo pia ubora wa mgombea, yaani uadilifu wake, uzoefu wake, busara yake na mipango yake. Sharti hupimwa na Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi kwa kusoma nyaraka. Ubora hupimwa na mpiga kura. Mkulima wa tumbaku wa Urambo au Kaliua anaielewa tofauti hii bila kuelezwa sana: robota lake linapofika kwenye ghala la chama cha msingi, kwanza huangaliwa kama mkulima amesajiliwa, kama robota lina lebo yake na kama tumbaku haijalowa, likishapokelewa ndipo mteuzi hulifungua, akalishika jani, akaliangalia rangi na kuandika daraja. Kupokelewa ghalani hakumaanishi kupata daraja la kwanza, na robota lililokataliwa mlangoni mteuzi halioni, hata kama ndani yake yamo majani mazuri kuliko yote ya msimu.

Masharti yenyewe yamo katika ibara ya 39 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya mwaka 1977, nayo ni matano tu. Mgombea awe raia wa kuzaliwa wa Jamhuri ya Muungano kwa mujibu wa Sheria ya Uraia. Awe ametimiza umri wa miaka 40. Awe mwanachama wa chama cha siasa na mgombea aliyependekezwa na chama hicho. Awe na sifa za kumwezesha kuwa Mbunge au Mjumbe wa Baraza la Wawakilishi. Na katika miaka mitano kabla ya uchaguzi mkuu asiwe ametiwa hatiani na mahakama kwa kosa la kukwepa kodi ya Serikali. Hapo hakuna shahada, ndoa, dini, kabila wala mali.

Sharti la umri halina utata, ingawa lina ubishi wake. Aliye na miaka 39 na miezi kumi na moja hana nafasi, basi. Majirani zetu wa Kigoma wanaujua mfano ulio karibu: Zitto Kabwe, aliyezaliwa Septemba 1976, alikwisha kuwa mbunge kwa miaka kumi kufikia mwaka 2015, lakini kwenye uchaguzi wa mwaka huo asingeweza kugombea urais kwa sababu alikuwa na miaka 39. Ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, mtu wa miaka 30 anaruhusiwa. Marekani na Zambia zinataka miaka 35, na Nigeria, iliyokuwa na miaka 40 kama sisi, ilishuka hadi 35 mwaka 2018. Mwalimu Nyerere mwenyewe, aliyezaliwa Aprili 1922, alichaguliwa kuwa Rais wa kwanza wa Tanganyika mwaka 1962 akiwa na miaka 40. Umri wa 40 ni uamuzi ambao nchi ilijiwekea na inaweza kuujadili upya, na sioni ubaya wowote wa vijana kuudai mjadala huo.

Uraia ndio unaohitaji utulivu zaidi, hasa kwetu sisi wa mikoa ya magharibi. Sheria ya Uraia ya mwaka 1995 inatambua njia tatu za kuwa Mtanzania. Ya kwanza ni kuzaliwa. Ya pili ni kurithi, nayo inamhusu mtu aliyezaliwa nje ya nchi na baba au mama Mtanzania. Ya tatu ni tajnisi, yaani mgeni kuomba uraia na kupewa. Kwa haki za kawaida za maisha, wote watatu ni raia, wanapiga kura, na hata ubunge wanaweza kuugombea, kwa kuwa ibara ya 67 inayohusu wabunge inasema raia tu bila kuchagua aina. Kwa urais, Katiba imetaja kundi la kwanza peke yake.

Maana ya jambo hili inaonekana wazi ukifika Ulyankulu, wilayani Kaliua. Makazi yale yalianzishwa kwa ajili ya watu waliokimbia mauaji ya mwaka 1972 nchini Burundi, na pamoja na makazi ya Katumba na Mishamo yalihusika katika mpango ambao zaidi ya watu 160,000 walipewa uraia wa Tanzania, wakaanza kukabidhiwa vyeti mwaka 2014. Mzee aliyepokea cheti chake siku hiyo ni raia wa tajnisi: ana kura, ana haki ya kumiliki ardhi kama raia mwingine, lakini hawezi kugombea urais. Mjukuu wake aliyezaliwa baadaye katika hospitali ya hapa hapa nchini, wazazi wakiwa tayari raia, ni raia wa kuzaliwa kama mtoto yeyote wa Nzega au Sikonge, na sharti hili halimzuii hata kidogo. Penye ubishi ni kwa wale waliozaliwa hapa kabla wazazi wao hawajapata uraia, kwa sababu maneno ya Sheria ya Uraia yanamtambua kwa upana mtu aliyezaliwa ndani ya Jamhuri tangu siku ya Muungano, wakati mamlaka kwa kawaida huangalia pia uraia wa wazazi.

Ndiyo maana inaniuma ninaposikia mtu anamwambia mwenzake, kwa sababu ya lafudhi tu au kwa sababu kwao ni Kasulu au Kibondo, kwamba yeye si raia halisi. Waha walikuwa katika ardhi hii kabla mpaka haujachorwa na wakoloni, na lugha yao kufanana na Kirundi hakuwafanyi wageni. Katiba haiulizi lafudhi. Haiulizi babu wa babu alivuka mto gani. Anayetaka kumpinga mgombea kwa hoja ya uraia analazimika kuleta ushahidi wa mahali alipozaliwa na uraia wa wazazi wake, na huo ushahidi hupimwa kwa nyaraka, haupimwi kwa sura ya mtu.

Tuje kwenye elimu, ambako mkanganyiko ni mkubwa kuliko kote. Sheria yetu haidai shahada, stashahada wala cheti cha kidato cha nne kwa mgombea urais. Inachodai kinapatikana kwa kuzunguka: ibara ya 39 inamtaka awe na sifa za mbunge, na ibara ya 67 inamtaka mbunge awe anajua kusoma na kuandika kwa Kiswahili au Kiingereza. Wengi wanaodhani shahada ni lazima wameisikia sheria ya Kenya, ambako mgombea urais hutakiwa kuwa na shahada ya chuo kikuu, wakaichukua kuwa yetu. Ni hivyo hivyo kwa wanaoamini kwamba hapa mshindi wa urais anahitaji zaidi ya nusu ya kura. Huko Kenya anahitaji, lakini kwetu, tangu marekebisho ya Katiba ya mwaka 2000, anatangazwa mgombea aliyepata kura nyingi kuliko wenzake.

Je, sharti la elimu lingetusaidia? Nimezisikiliza hoja za wanaolitaka, na ninawaelewa: kazi ya Rais inahusu mikataba ya madini, madeni ya taifa na majeshi, na hakuna anayependa kuona mambo hayo mikononi mwa mtu asiyeyaelewa. Hata hivyo, mji huu una kumbukumbu inayopaswa kutufanya tusite. Januari 1958, chama cha TANU kilikutana hapa Tabora kuamua kama kishiriki uchaguzi wa kura tatu, ambao mpiga kura alilazimika kumchagua Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja. Serikali ya kikoloni ilikuwa imeweka masharti ya nani apige kura, na miongoni mwake ni kuwa na kipato cha pauni 150 kwa mwaka, au kiwango cha elimu kilichowekwa, au kushika kazi na vyeo vilivyotajwa. Masharti hayo yalionekana ya busara kwa walioyaandika, kwa kuwa yaliwataka watu wenye uwezo na uelewa. Matokeo yake yalikuwa kuwafungia nje karibu wananchi wote wa vijijini ambao nchi ilikuwa yao. Mkutano uliamua kushiriki, uamuzi ambao Zuberi Mtemvu aliupinga kiasi cha kujitoa na kuanzisha chama chake, na miaka minne baadaye akawa ndiye mpinzani wa Nyerere katika uchaguzi wa Rais.

Kumbukumbu hiyo inahusu wapiga kura, najua, lakini hoja iliyo ndani yake inawagusa wagombea vilevile: kila sharti la elimu linapowekwa, wanaopoteza ni wale ambao shule haikuwafikia, na katika nchi yetu hao bado ni wengi. Anayethamini usomi hajanyimwa chochote, kwa sababu anaweza kumpigia kura msomi. Profesa Ibrahim Lipumba, mzaliwa wa Ilolangulu hapa mkoani, mchumi mwenye shahada ya uzamivu ya Chuo Kikuu cha Stanford, aligombea urais mwaka 1995, 2000, 2005, 2010 na 2020. Wapiga kura walimwona, wakamsikiliza, wakaamua walivyoamua. Usomi uwekwe mbele ya mpiga kura aupime. Usiwekwe mlangoni kuwazuia wengine.

Kuhusu makosa ya jinai, imani kwamba aliyekamatwa amepoteza sifa haina msingi. Kukamatwa si kushtakiwa, na kushtakiwa si kutiwa hatiani. Kinachomzuia mtu ni hukumu, tena si kila hukumu: Katiba inataja hukumu ya kifo, kifungo kinachozidi miezi sita kwa kosa linalohusu utovu wa uaminifu, na katika miaka mitano kabla ya uchaguzi, kufungwa kwa kosa la aina hiyo au kuvunja sheria ya maadili ya viongozi wa umma. Aliyetozwa faini kwa kosa la barabarani hajapoteza chochote.

Zamu ya dini ni jambo jingine linalosemwa kwa uhakika usiostahili. Ni kweli kwamba kuanzia Nyerere hadi Samia Suluhu Hassan marais wetu wamepokezana, Mkristo kisha Mwislamu, na mtu akiutazama mfuatano huo anaweza kudhani umeandikwa mahali fulani. Haujaandikwa popote. Kilichoandikwa ni cha Muungano: Rais akitoka upande mmoja, mgombea mwenza wake, ambaye ndiye atakuwa Makamu wa Rais, ni lazima atoke upande wa pili. Nani awe juu na nani awe mwenza, Katiba haijali, na mtu aliyewahi kuwa Rais wa Zanzibar hazuiliwi kwa sababu hiyo kugombea urais wa Muungano. Ali Hassan Mwinyi alikuwa Rais wa Zanzibar kabla ya kuchaguliwa kuwa Rais wa Jamhuri mwaka 1985.

Ukomo wa vipindi nao huulizwa sana. Ibara ya 40 inakataza mtu kuchaguliwa kuwa Rais zaidi ya mara mbili, na inaweka hesabu maalumu kwa Makamu anayeingia madarakani Rais anapofariki au kuacha kiti: akimalizia muda usiofika miaka mitatu, ataruhusiwa kugombea mara mbili, akimalizia miaka mitatu au zaidi, ataruhusiwa mara moja tu. Rais Samia aliapishwa Machi 2021, kipindi kile kikaendelea kwa zaidi ya miaka minne, kwa hiyo kwa Katiba ilivyo sasa uchaguzi wa 2025 ulikuwa nafasi yake pekee ya kugombea.

Sasa nifike kwenye sharti ambalo halitajwi sana vijiweni, na ambalo kwa maoni yangu ndilo linaloamua karibu kila kitu: chama. Umri unamzuia kijana kwa muda, kisha unamwachia. Uraia unawazuia wachache. Sharti la chama linamzuia kila Mtanzania ambaye hakuna chama kilichompendekeza, awe profesa, mkulima, jaji mstaafu au mwalimu wa shule ya msingi mwenye heshima katika mkoa mzima. Huyo hahukumiwi na wapiga kura, hafiki kwao.

Mchungaji Christopher Mtikila alitumia zaidi ya miaka ishirini kulipinga sharti hili mahakamani. Hoja yake ilikuwa nyepesi kueleweka: ibara ya 20 ya Katiba hiyo hiyo inakataza mtu kulazimishwa kujiunga na chama, sasa inawezekanaje ibara ya 39 imlazimishe kujiunga ndipo agombee? Mahakama Kuu ilimkubalia mwaka 1994, Bunge likabadilisha Katiba na kulirudisha sharti. Mahakama Kuu ikamkubalia tena mwaka 2006, lakini mwaka 2010 Mahakama ya Rufani ikasema kwamba suala hilo ni la Bunge, si la mahakama. Akaenda Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliyopo Arusha, ambayo Juni 2013 iliamua kwamba Tanzania imekiuka haki za raia kwa kumkataza mgombea binafsi, yaani mgombea asiye na chama. Katiba Inayopendekezwa, iliyopitishwa na Bunge Maalumu Oktoba 2014, ingemruhusu mgombea huru, lakini kura ya maoni iliyopangwa Aprili 2015 iliahirishwa, na hadi leo sharti liko palepale. Mtikila alifariki Oktoba 2015.

Mwaka 2025 ulionyesha uzito wa sharti hili kwa namna ambayo watu wengi hawakuielewa ilipokuwa ikitokea. Chama cha CHADEMA hakikusaini Kanuni za Maadili ya Uchaguzi, huku kikidai mageuzi kwanza, na Tume ikatangaza kwamba hakitashiriki. Kwa hiyo hakuna mwanachama wake, hata awe na sifa zote nyingine, aliyeweza kugombea kwa tiketi yake. Luhaga Mpina alipitishwa na chama cha ACT-Wazalendo kugombea urais, lakini Agosti Msajili wa Vyama vya Siasa alitengua uteuzi huo kwa hoja kwamba taratibu za chama hazikufuatwa. Mahakama Kuu iliamuru fomu zake zipokelewe, na Septemba Tume ikamwondoa tena baada ya pingamizi. Wengi waliuliza: huyu ni raia, ana umri, anajua kusoma, amepungukiwa na nini? Walikuwa wakitafuta jibu katika mtu, wakati ubishi wote ulikuwa juu ya uhusiano wake na chama chake. Mtu anaweza kuridhika na maamuzi yale au asiridhike, na mimi naamini nchi ingekuwa na amani zaidi ya moyo kama mlango wa mgombea binafsi ungekuwa wazi, lakini hawezi kuyajadili vizuri bila kujua kwamba ugomvi ulikuwa mahali hapo.

Baada ya chama kumpendekeza, mgombea anahitaji wadhamini: wapiga kura walioandikishwa wasiopungua 200 katika kila mkoa, kwa mikoa isiyopungua kumi, na angalau miwili kati ya hiyo iwe ya Zanzibar. Kila mdhamini anaandika jina lake na namba ya kadi yake ya mpiga kura, anatia sahihi, kisha orodha inahakikiwa kwa kulinganishwa na Daftari la Kudumu la Wapiga Kura. Mgombea anatoa pia tamko la kisheria mbele ya Jaji kwamba anazo sifa, na anaweka dhamana ya shilingi 1,000,000. Mahitaji haya yanalenga kuthibitisha kwamba mgombea ana watu pande zote mbili za Muungano, na ni ya haki, kwa kuwa mwananchi wa kawaida wa Igunga anashiriki kuyatimiza kwa sahihi yake mwenyewe.

Fomu zikisharudishwa, hufunguliwa muda mfupi wa pingamizi. Huo ndio wakati wa kuhoji uraia wa mgombea, umri wake, hukumu zake au uhalali wa kupendekezwa kwake. Minong'ono inayoanza wiki mbili kabla ya kupiga kura, au inayosubiri matokeo, inakuwa imechelewa mno kisheria, kwa sababu ibara ya 41 inasema kwamba Tume ikishamtangaza mtu kuwa amechaguliwa Rais, hakuna mahakama yoyote nchini yenye mamlaka ya kuchunguza kuchaguliwa kwake. Mahakama ya Afrika iliamua Julai 2020 kwamba kifungu hicho nacho kinakiuka haki za raia na kwamba Tanzania inapaswa kukirekebisha. Bado kimo katika Katiba, na kitamhusu Rais atakayetangazwa mwaka 2030 kama kilivyowahusu waliomtangulia, isipokuwa kama wabunge tuliowapeleka Dodoma watakibadilisha kabla ya hapo.